Viini vinavyotema protoni: namna ya kuvichunguza ukiwa Mtwara au Lindi

Maswali ni yaleyale kila muhula, kutoka kwa wanafunzi wa kidato cha sita hadi walio vyuo vya ualimu. Mwalimu, viini vinavyotema protoni vinapatikana wapi? Je, urani ya Mkuju kule Namtumbo nayo inatema protoni? Na sisi wa huku Kusini, tusio na mtambo wa kuharakisha chembe, tutafanya nini zaidi ya kukariri?

Nianze na majibu mafupi. Ardhini havipo. Viini hivi huishi sekunde chache kwa wingi wake, vingi havifikishi hata sehemu ya elfu ya sekunde, kwa hiyo vilivyowahi kutokea katika maumbile vimekwisha zamani. Urani ya Mkuju haitemi protoni: urani hutema chembe za alfa, na vizazi vyake hutoa alfa, beta na gama. Swali la tatu ndilo lililonifanya niandike. Kupima kunafanyika mbali, lakini kukisoma kipimo na kukitafsiri unaweza kukifanya ukiwa Shangani, Mikindani au Mtanda kule Lindi, na ukapata jibu la fizikia ya kweli: protoni ilikuwa imekaa obiti gani kabla haijatoka. Hilo ndilo tutakalolifanya hapa, kwa kiini kimoja tu, luteti-151. Nashauri ukishike kiini kimoja mpaka kikuelee kabla ya kukimbilia vingine.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye lahajedwali: Excel, LibreOffice Calc au Google Sheets. Simu inawezekana, ila kunakili fomula kwenye mistari 800 kwa kidole kunachosha.
- Bando kidogo. Faili la jedwali la tungamo za atomu ni maandishi matupu na halifiki MB moja. Lipakue mara moja ulihifadhi. Umeme au mtandao ukikatika, kazi inaendelea.
- Hesabu za kidato cha nne: vipeo, mzizi wa pili, namba za kisayansi kama 6.5 × 10²¹.
- Daftari la kuandikia kila namba uliyoitumia na ulikoitoa.

Usichohitaji ni chanzo chochote cha mionzi. Usikitafute, usikiazime, na ukikutana na kifaa chenye alama ya mionzi mahali kisipostahili kuwa, usikiguse, toa taarifa. Vyanzo hivi vinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Nadharia kidogo, isizidi hapa

Kiini chenye protoni nyingi mno kuliko kinavyoweza kushikilia kinapata faida ya nishati kwa kuitema moja. Faida hiyo tunaiita Q. Lakini protoni haitoki papo hapo, kwa sababu imezungukwa na kizuizi: msukumano wa umeme kati yake na protoni zinazobaki, na juu yake kizuizi cha mzunguko kinachotegemea l, yaani kiasi cha mzunguko ambao protoni inaondoka nao. Nishati yake haitoshi kuruka kizuizi hicho, hivyo hupenya kwa kanuni za kwanta. Kizuizi kikiwa kinene, kupenya huchukua muda mrefu. Basi tukijua Q na nusu uhai, yaani muda ambao nusu ya viini huwa vimeoza, tunaweza kurudi nyuma na kuipata l.

Hatua ya 1: Kisome kiini kwenye chati

Fungua chati ya viini ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomi, inayoitwa LiveChart, au NuDat ya maabara ya Brookhaven, Marekani. Tafuta luteti, alama Lu, protoni 71. Telemka upande wenye nyutroni chache hadi namba ya tungamo 151. Kiini hiki kina nyutroni 80 tu. Luteti ya kawaida tuliyo nayo duniani, Lu-175, ina 104.

Andika mambo matatu: nusu uhai (kama milisekunde 80), njia za kuoza (protoni, na beta kwa sehemu iliyobaki), na nishati ya protoni (MeV 1.233; MeV moja ni keV 1,000).

Onyo. Chati itakuonyesha viini vingi vyenye alama ya beta na protoni kwa pamoja. Hivyo vinaoza kwa beta kwanza, kisha kiini kinachozaliwa ndicho kinachotema protoni. Silisi-25 ni mfano, na jambo hilo lilijulikana tangu 1963. Muda unaoandikwa hapo ni wa beta, si wa kupenya kizuizi, kwa hiyo hesabu ya mwongozo huu haivihusu. Wanaoanza wengi huangukia hapa kuliko mahali pengine popote.

Hatua ya 2: Jifunze kutafuta Q kutoka kwenye jedwali la tungamo

Pakua jedwali la AME2020 kutoka ukurasa wa takwimu za nyuklia wa shirika hilohilo. Faili linaitwa mass_1.mas20. Tumia safu ya MASS EXCESS, ambayo ni ziada ya tungamo, yaani tungamo ya atomu ukiondoa namba yake ya tungamo, ikiandikwa kama nishati kwa keV. Kanuni ni moja:

Q = ziada ya kiini mama − ziada ya kiini kinachobaki − ziada ya haidrojeni-1

Haidrojeni-1 ni keV 7,289.0. Usihangaike na elektroni. Jedwali linatumia atomu nzima na hesabu yake inajisawazisha yenyewe.

Anza na boroni-8, inayobaki kuwa berili-7. Jedwali linatoa 22,921.6 na 15,769.0. Basi 22,921.6 − 15,769.0 − 7,289.0 = −136.4 keV. Q ni hasi: boroni-8 haiwezi kutema protoni, ingawa imeshikilia ya mwisho kwa shida sana.

Sasa lithi-5, inayobaki kuwa heli-4. Chukua 11,679 na 2,425: 11,679 − 2,425 − 7,289 = 1,965 keV. Q ni chanya, na lithi-5 huvunjika ndani ya sekunde 10⁻²² hivi. Muda huo ni mfupi kiasi kwamba wataalamu hawauiti unururifu. Kizuizi cha kiini chepesi namna hiyo ni chembamba mno. Ndiyo maana tunahamia kwenye viini vizito, ambako kizuizi kinaishikilia protoni muda wa kutosha kupimika.

Fanya mwenyewe: fluorini-16 inayobaki kuwa oksijeni-15. Ukipata kama keV 535, umeelewa.

Onyo. Ukiona alama ya # mahali pa nukta ya desimali, namba hiyo haikupimwa. Imekadiriwa kwa kufuata mwelekeo wa viini jirani. Karibu na mpaka wa protoni, yaani pale kwenye chati ambapo kiini hakiwezi tena kushikilia protoni ya ziada, alama hizo zimejaa. Zitumie kujua kama Q ni chanya au hasi, usizitumie kukokotoa nusu uhai. Sababu utaiona kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 3: Geuza nishati ya protoni iwe Q

Kwa luteti-151 hatutegemei jedwali, kwa sababu protoni yenyewe ilipimwa. Lakini protoni ikitoka, kiini kinachobaki nacho hurudi nyuma kidogo na kubeba sehemu ya nishati. Zidisha nishati ya protoni kwa 151/150:

1.233 × 151/150 = 1.241 MeV

Hiyo ndiyo Q yetu. Wataalamu huongeza pia sahihisho dogo la elektroni, keV kumi na kitu kwa viini vya uzito huu. Tuliache kwa sasa, halibadilishi hitimisho.

Hatua ya 4: Jenga kizuizi kwenye lahajedwali

Hapa twende polepole. Weka namba hizi kwenye safu ya F:

1. F1: 1.241, hii ni Q kwa MeV.
2. F2: 70, protoni za kiini *kinachobaki*, yaani iterbi-150. Si 71.
3. F3: 150, namba ya tungamo ya kiini kinachobaki.
4. F4: 5, hii ni l ya kuanzia.
5. F5: =1.2*(F3^(1/3)+1). Huu ni umbali ambapo protoni inaachana na kani ya nyuklia. Utapata femtomita 7.58 (femtomita moja ni mita 10⁻¹⁵).

Sasa jedwali lenyewe, kuanzia mstari wa 10:

6. A10: =F5+0.05, na A11: =A10+0.1. Nakili A11 kushuka hadi A810. Hii ni safu ya umbali.
7. B10: =1.44*$F$2/A10+20.89*$F$4*($F$4+1)/A10^2. Sehemu ya kwanza ni msukumano wa umeme, ya pili ni kizuizi cha mzunguko, zote kwa MeV.
8. C10: =SQRT(MAX(0,B10-$F$1)). Nakili B10 na C10 hadi mstari wa 810.

Tazama B10 kabla ya kuendelea. Ni kama MeV 24. Protoni yenye MeV 1.24 inatakiwa ipite hapo! Ukiweka l kuwa 0, urefu hushuka hadi kama MeV 13, ambao bado ni zaidi ya mara kumi ya nishati yake. Chora grafu ya safu ya B dhidi ya safu ya A uione inavyoteremka taratibu hadi zaidi ya femtomita 80, mara kumi na zaidi ya F5. Urefu wa mteremko huo ndio unaochelewesha protoni.

9. F6: =SUM(C10:C810)*0.1
10. F7: =2*0.2188*F6
11. F8: =0.693/(6.5E21*EXP(-F7))

F8 ni nusu uhai kwa sekunde. Namba 6.5 × 10²¹ ni makadirio ya mara ngapi kwa sekunde protoni inagonga ukuta kwa ndani: ina nishati ya mwendo kama MeV 50, inakwenda kwa kama theluthi ya kasi ya mwanga, na upana wa kiini ni femtomita 15 hivi. Namba 0.2188 inatokana na tungamo ya protoni na kiini kwa pamoja, ikigawanywa na namba thabiti ya Planck. Kwa viini vya uzito huu haibadiliki kwa kiasi cha kukusumbua.

Hatua ya 5: Jaribu l tatu, kisha linganisha

Kwa nini tatu? Protoni ya mwisho kwenye eneo hili la chati ina obiti tatu zinazowezekana: s1/2, d3/2 na h11/2. Hizo ni l = 0, 2 na 5. Badilisha F4 peke yake na uandike F6 na F8 kila mara. Unapaswa kupata karibu na hivi:

- l = 0: F6 kama 87.7, nusu uhai kama mikrosekunde 5
- l = 2: F6 kama 92.0, nusu uhai kama mikrosekunde 32
- l = 5: F6 kama 107.6, nusu uhai kama milisekunde 30

Kilichopimwa ni milisekunde 80. Hapa ndipo somo lote lilipo, kaa nalo. Hesabu yetu ni ya mkono, kizuizi kimekatwa ghafla kwenye F5, na bado haina utata wowote: l = 0 na l = 2 zimekosea kwa maelfu ya mara, l = 5 imekosea kwa mara mbili au tatu. Protoni ilitoka kwenye h11/2. Umejua obiti ya protoni ndani ya kiini ambacho hakuna aliyewahi kukishika, na umeijua kwa saa ya kupimia na mzizi wa pili.

Sasa ubaki kwenye l = 5, ongeza F1 kwa 0.1 tu, yaani keV 100, na uone. Nusu uhai utapungua kama mara 11. Hii ndiyo sababu ya onyo la alama ya #: makadirio ya tungamo yakiwa na mashaka ya keV 200 au 300, nusu uhai unaoukokotoa unaweza kwenda pembeni kwa mara mia na zaidi.

Hatua ya 6: Ondoa sehemu ya beta

Milisekunde 80 ni muda wa luteti-151 kuoza kwa njia zote. Takriban theluthi mbili ya viini huoza kwa protoni, vilivyobaki kwa beta. Muda wa njia ya protoni peke yake ni 80 gawanya kwa theluthi mbili, yaani kama milisekunde 120. Huo ndio wa kulinganisha na 30 yako.

Tofauti ya mara nne inatokana na mambo mawili. Moja ni ukali wa makadirio yetu: geuza 1.2 iwe 1.15 uone F8 inavyosogea. La pili lina fizikia ndani yake: ili protoni itoke h11/2, kiini kinachobaki lazima kiwe na nafasi wazi kwenye obiti hiyohiyo, na nafasi hiyo haiwi wazi kila wakati. Mwenye hesabu makini zaidi anaweza kupima uwazi wa nafasi hiyo kutokana na tofauti iliyobaki. Kwa lahajedwali letu, usidai kuwa umeipima.

Hatua ya 7: Rudia kwa luteti-149

Mwaka 2022 watafiti wa Jyväskylä, Finland, walitangaza luteti-149. Nusu uhai ni kama nanosekunde 450, Q ni kama MeV 1.92. Weka F1 = 1.92, F3 = 148, F4 = 5; F2 inabaki 70. Utapata karibu nanosekunde 145. Mara tatu pungufu, uwiano unaokaribiana na ule wa luteti-151. Nyutroni mbili zimeondoka, Q imeongezeka kwa MeV 0.68, na uhai umeshuka kutoka milisekunde hadi chini ya mikrosekunde. Lahajedwali lako limeufuata mporomoko huo wote bila kubadilisha fomula hata moja.

Hatua ya 8: Elewa kipimo kilifanyikaje

Usitumie namba usiyojua ilikotoka. Protoni kutoka hali ya msisimko ya kobalti-53 ilionekana 1970. Protoni kutoka hali ya chini kabisa ya kiini ilionekana kwa mara ya kwanza kwenye hiihii luteti-151, 1981, katika maabara ya GSI, Darmstadt, Ujerumani, na kundi la Sigurd Hofmann.

Walirusha viini vya nikeli-58 kwenye shabaha ya ruteni-96. Vikiungana hupatikana hafni-154 yenye joto jingi, ambayo ikimwaga protoni moja na nyutroni mbili inabaki luteti-151. Chujio la kasi liitwalo SHIP lilitenganisha viini hivyo na miale ya nikeli, vikajichimbia ndani ya kigunduzi cha silikoni, na kigunduzi kikangoja. Kiini kikioza, protoni inaacha nishati yake palepale kilipozama. Siku hizi kigunduzi hugawanywa kwa mistari mbele na nyuma, kikawa na vyumba vidogo vingi. Kiini kikiingia chumba fulani, mtafiti husubiri protoni katika chumba hichohicho na kupima muda uliopita.

Ukisoma ripoti ya kipimo, tafuta mambo manne: mmenyuko uliotumika, nishati ya protoni na mashaka yake, nusu uhai na mashaka yake, na sehemu inayokwenda kwa protoni. Mengine yasubiri. Kwa Afrika, mahali pa kuutazamia mtambo mkubwa wa kuharakisha chembe ni iThemba LABS karibu na Cape Town. Mwenye nia ya shahada za juu aijue mapema.

Bado usiguse viini vinavyotema protoni mbili kwa pamoja, kama chuma-45 iliyothibitishwa 2002. Fomula yetu ina protoni moja tu ndani yake.

Mambo yakigoma

*Lahajedwali linakataa fomula.* Kwenye baadhi ya kompyuta vipengele hutenganishwa kwa nukta mkato badala ya mkato: MAX(0;B10-$F$1). Na penye desimali, kama mashine inataka 1,44 haitaielewa 1.44. Badilisha mpangilio wa nchi kwenye faili.

*F8 inatoa 1.07E-22.* Umeweka Q kwa keV, 1241 badala ya 1.241. Safu yote ya C imekuwa sifuri na protoni haioni kizuizi.

*F8 inatoa namba ndogo kupita kiasi, yenye E-43.* Alama ya kutoa kwenye EXP imesahaulika, au mabano ya nje yamesahaulika na unazidisha kwa EXP badala ya kugawanya.

*Jibu ni karibu mara mbili ya langu.* Umetumia 71 kwenye F2.

*F6 kwa l = 0 ni sawa na yangu, kwa l = 5 ni ndogo.* Angalia C810: lazima iwe sifuri. Kwa l = 5 kizuizi kinaisha femtomita 87; ukiishia mstari wa 760 umekata mkia wake. Kama C810 ni sifuri, chunguza kama uliandika l mara l badala ya l mara (l+1).

*Namba za safu ya B zinaruka ovyo.* Alama za dola zimesahaulika, fomula inateremka pamoja na F.

*Kila kitu kimekaguliwa, na kiini nilichokichagua bado kinatofautiana na kipimo kwa mara mia.* Kwanza hakikisha protoni haitanguliwi na beta. Pili, angalia kama imetoka hali ya msisimko. Chati huiwekea herufi m baada ya namba ya tungamo, na hali hiyo ina Q yake na l yake. Tatu, angalia umbo. Europi-131 na holmi-141, zilizoripotiwa 1998 na maabara ya Argonne, Marekani, zimerefuka mno kama viini, na obiti zake zimechanganya l kadhaa. Lahajedwali letu linadhani kiini ni tufe. Ukifika kwa viini vya namna hiyo, andika tofauti uliyoipata kama ilivyo, pamoja na Q na l ulizotumia, na usibadilishe 1.2 ili jibu lilingane na kipimo.